Beta ikifunguliwa wiki mbili kabla gemu haijatoka, unajaribu nini hasa?

Kuna swali moja nalitumia siku hizi kila nikiona tangazo la beta, yaani toleo la majaribio ambalo wachezaji wanaruhusiwa kulicheza kabla gemu haijatoka, na naomba na wewe ulitumie: toka siku beta inafungwa mpaka siku gemu inaingia sokoni kuna wiki ngapi? Kama jibu ni wiki mbili au tatu basi hapo hamna cha kujaribiwa, maana ndani ya wiki mbili hakuna timu inayoweza kubomoa mfumo wa silaha au kupanga upya ramani au kubadili namna wachezaji wanavyokutanishwa kwenye mechi, watakachoweza ni kuongeza seva na kurekebisha vitu vidogo vidogo, na wewe uliyekesha unacheza alafu ukajaza fomu ya maoni umetoa ushauri juu ya mambo yaliyoamuliwa zamani. Naandika hivi kwa sababu naipenda hii kitu. Kwenye magemu ya kucheza wengi mtandaoni, beta ilikuwa sehemu pekee ambapo mchezaji wa kawaida kabisa aliikuta gemu ikiwa bado mbichi na akaweza kuibadilisha, na hiyo nafasi imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka huku idadi ya watu wanaoingia kwenye beta ikizidi kupanda.

Turudi 1997, Ultima Online, gemu ya kucheza wengi mtandaoni. Timu ya Richard Garriott iliomba watu wajitolee kujaribu gemu na wachangie dola 5 ili watumiwe CD, maana kwa intaneti ya kipindi kile kupakua gemu nzima ilikuwa ni mateso. Makadirio ya mauzo ya ndani ya kampuni yalikuwa kama nakala 30,000 kwa uhai wote wa gemu, alafu watu kama 50,000 wakajiandikisha kulipia majaribio tu. Wengi mkitajiwa beta ile mnakumbuka kisa kimoja, kwamba mwezi wa nane mwaka ule mhusika wa Garriott mwenyewe, Lord British, ambaye hakutakiwa kufa, aliuawa mbele ya umati na mchezaji aliyerusha moto, kumbe ile hali yake ya kutokufa ilikuwa haijawashwa baada ya seva kuzimwa na kuwashwa tena. Ni kisa kizuri, ila kwangu kuna kingine kizito zaidi.

Wale jamaa walikuwa wametengeneza mazingira yanayojiendesha. Majani yanaota, sungura na swala wanakula majani, mbwa mwitu wanakula sungura, sungura wakiisha mbwa mwitu wanahama wanasogea karibu na miji kutafuta chakula, kwahiyo mchezaji angeona wanyama wakali wamekaribia mji na sababu ya kweli ipo. Kwenye karatasi ni kitu kitamu mno. Beta ikafunguliwa, wachezaji wakaingia na wakaua kila kinachotembea, sungura, mbwa mwitu, vyote, haraka kuliko seva ilivyoweza kuzalisha vingine, na hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba kulikuwa na mfumo wa ikolojia pale. Kazi ya muda mrefu sana ikaondolewa. Iliwauma bila shaka, ila waliona kitu ambacho hakuna mtu ndani ya ofisi angekiona, kwa sababu wajaribuji wa ofisini wako wachache na wana adabu, na umati hauna adabu, unaingia unagusa kila kitu. Umati unapopewa gemu mapema kiasi hicho, unawaonyesha watengenezaji wachezaji wao ni watu wa aina gani, na watengenezaji wanapata muda wa kuitikia.

Miaka miwili baadae Counter-Strike ilipita njia hiyohiyo bila hata kampuni kubwa nyuma yake. Ilianza Juni 1999 kama modi, yaani gemu iliyojengwa na mashabiki juu ya gemu nyingine, Half-Life ya kampuni ya Valve, vijana wawili tu, Minh Le na Jess Cliffe, wanaachia toleo la beta, watu wanacheza, wanalalamika, linakuja toleo lingine, na hivyo hivyo mpaka toleo la 1.0 mwezi Novemba 2000 ambapo Valve walikuwa wameshaingia. Mwanzoni ilikuwa ni kuokoa mateka tu. Aina ya mechi ya kutega na kutegua bomu, ambayo leo ndo Counter-Strike yenyewe kwa mtu yeyote anayeicheza, iliingia katikati ya hizo beta. Fikiria hilo kidogo. Kama wangefanya beta ya siku nne alafu wakatoa gemu wiki tatu baadae, tungebaki na mateka.

Alafu kuna World of Warcraft 2004, ambayo ndo mfano wangu mkubwa wa maoni ya mchezaji kusikilizwa na akili za mtengenezaji kufanya kazi kwa pamoja. Blizzard, kampuni iliyoitengeneza, hawakutaka watu wakeshe bila kupumzika, kwahiyo kwenye beta waliweka utaratibu kwamba ukicheza muda mrefu, pointi za uzoefu unazopata kwa kuua maadui, zile za kukupandisha ngazi, zinashuka mpaka nusu. Wachezaji wakachukia, wakaona wanaadhibiwa kwa kuipenda gemu. Sasa wangeweza kukaza shingo, au wangeweza kuondoa kitu kizima. Wakafanya kingine, wakageuza maelezo: ukitoka ukapumzika, ukirudi unapata asilimia 200, ukicheza sana unarudi asilimia 100 ambayo ndo ya kawaida. Hesabu chini yake karibu ni ileile, ila watu walewale waliokuwa wanalaani wakafurahi, na utaratibu huo bado upo kwenye gemu mpaka leo. Hicho kitu hakitoki kwenye takwimu. Takwimu zingekuonyesha watu wanaacha kucheza baada ya masaa fulani na ungeweza hata kuamua ni sawa, si ndo ulichotaka, kumbe wanaacha kwa hasira. Ilibidi watu waseme wanajisikiaje, na mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha akae asome.

Na usidhani zamani yote ilikuwa asali. Final Fantasy XIV ya 2010 ilikuwa na beta, wajaribuji walilalamika kuhusu menyu nzito na lagi (gemu kuchelewa kuitikia) na gemu kutoeleweka, na ikatoka vilevile mwezi Septemba. Ikaanguka vibaya kiasi kwamba Desemba mwaka huohuo mkuu wa Square Enix, kampuni iliyoitengeneza, aliomba radhi hadharani na uongozi wa gemu ukabadilishwa, akaingia Naoki Yoshida, wakaijenga karibu upya, seva za ile ya zamani zikazimwa 2012 na mpya ikatoka Agosti 2013. Na hiyo mpya ilipitishwa kwenye beta ya awamu nne iliyotambaa kwa miezi. Kampuni moja, jina moja la gemu, mara ya kwanza hawakujipa muda wa kusikia na mara ya pili wakajipa.

Mabadiliko yenyewe yalianza lini? Wengi wanataja Halo 3, na nakubaliana nao kwa nusu. 2007 Microsoft waliweka mlango wa kuingilia beta ya Halo 3 ndani ya diski ya gemu nyingine, Crackdown, kwahiyo watu wakanunua Crackdown ili wajaribu Halo, na zaidi ya watu 800,000 wakacheza kati ya Mei na Juni. Hapo ndo kampuni zote zilifunguka macho kwamba kumbe beta yenyewe ni bidhaa, watu wako tayari kutoa hela kwa ajili ya foleni ya kuingia. Ila angalia tarehe: beta imefungwa Juni, gemu imetoka Septemba 25. Miezi mitatu na zaidi. Kwahiyo Bungie, watengenezaji wa Halo, waliuza mlango na bado wakabakiza muda wa kufanya kazi. Waliofuata wengi walichukua mlango wakaacha muda.

Njia nyingine ilikuwa inafunguka upande wa pili. Minecraft iliuzwa ikiwa bado haijakamilika, ikaingia beta Desemba 2010 na toleo kamili likaja Novemba 2011, na ilifanya vizuri kiasi kwamba Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, wakaja na Early Access Machi 2013, utaratibu wa kuuza gemu ambayo haijakamilika, ili kila mtu afanye hivyo. Hapa nina maoni mawili yanayogombana na sitajifanya nimeyapatanisha. PUBG ingekuwa kitu gani bila utaratibu huu? Imeingia Machi 2017 ikiwa imejaa hitilafu, ikatengenezwa mbele ya macho ya mamilioni ya watu waliolipa, na Desemba ikatoka rasmi, miezi tisa tu, na katika miezi hiyo wakaongeza vitu vya maana kama kuruka dirishani na kupanda ukuta kwa sababu watu walidai. Hiyo ni beta ya kweli hata kama ililipiwa. Lakini DayZ iliingia Desemba 2013, ikauza nakala milioni moja ndani ya mwezi mmoja, na toleo la 1.0 likaja Desemba 2018. Miaka mitano! Star Citizen ndo kabisa, michango ilianza 2012, imepita dola milioni 700, na bado ipo alfa, hatua ya kabla hata ya beta. Mtu akishakulipa yote mwanzoni, haraka ya kumaliza inatoka wapi?

Dota 2 nayo sijui niiweke kundi gani. Mashindano ya kwanza ya The International yalifanyika Cologne, Ujerumani, Agosti 2011, mshindi akachukua dola milioni 1, na gemu yenyewe haikutoka rasmi mpaka Julai 2013. Watu wameshakuwa mabingwa wa dunia wa kitu ambacho kwa mujibu wa mtengenezaji bado kinajaribiwa. Ila Valve walikuwa wanabadilisha kila wiki, kwahiyo sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu uko na beta za wikiendi. Star Wars Battlefront ilipofungua milango Oktoba 2015 waliingia watu zaidi ya milioni 9, na gemu ikatoka katikati ya Novemba. Mwaka uliofuata Overwatch ilifungua beta ya wazi mwanzoni mwa Mei, wakaingia milioni 9.7, na Mei 24 gemu iko dukani. Overwatch naitetea kwa sababu kabla ya hiyo walikuwa na beta ndogo ya watu walioalikwa tu toka Oktoba 2015, mabadiliko makubwa yalishafanyika kule kimyakimya, ile ya mwisho ilikuwa kupima seva na kuita watu. Sawa. Tatizo ni kwamba kampuni nyingine ziliona ile namba ya milioni 9 na hazikuona ile miezi ya kazi nyuma yake, zikaiga wikiendi peke yake.

Mfano unaoniuma zaidi ni Battlefield 2042. Beta ya wazi Oktoba 2021, gemu Novemba 19. Waliondoa mfumo wa madaraja, yaani askari wa kushambulia, fundi, mtoa huduma, mdunguaji, ambao ndo uti wa mgongo wa Battlefield toka enzi, wakaweka wahusika maalum kila mmoja na kipaji chake na silaha yoyote anayotaka. Watu walisema ndani ya zile siku chache za beta, kwa sauti, kwa maelfu: hatujui tena nani ni nani uwanjani, hakuna anayetupa risasi wala kutibu, rudisheni madaraja. Jibu la watengenezaji lilikuwa kwamba toleo lile la beta ni la miezi kadhaa nyuma na gemu imeshasonga mbele. Likatoka lilelile. Mfumo wa madaraja ulirudi mwanzoni mwa 2023, yaani zaidi ya mwaka mmoja baada ya wachezaji kuwaambia bure kabisa, na katika muda huo watu walishaondoka kwa wingi. Sasa jiulize, hilo jibu la "toleo la zamani" maana yake nini? Maana yake umewaita watu wajaribu kitu ambacho wewe mwenyewe hukitumii tena, kwahiyo hata wakipata hitilafu huwezi kujua kama bado ipo. Ripoti zao zinakuwa na thamani gani? Kama lengo lilikuwa kuona seva zinabeba watu wangapi, semeni hivyo, watu wataingia tu na hawatapoteza muda kuandika.

Na hata huko kupima seva, wikiendi haitoshi. Diablo III walifanya beta ya wazi ya wikiendi Aprili 2012, na Mei 15 gemu ilipotoka watu usiku kucha walikuwa wanaangalia ujumbe wa Error 37, yaani seva zimezidiwa na huwezi kuingia. Mzigo wa siku ya kwanza hauigiziki kirahisi.

Hapa nizungumzie ripoti zenyewe kidogo maana wengi hawajui zikoje. Ripoti nzuri ya hitilafu ni kazi ngumu. Huandiki "gemu inakwama". Unaandika ulikuwa ramani gani, upande gani wa ngazi, umeshika silaha gani, ulibonyeza kuruka wakati unabadilisha risasi au kabla, ilitokea kila mara au mara moja moja, alafu unarudi palepale unajaribu tena ukiwa na mwenzako kwenye seva nyingine kuona kama na yeye inamtokea. Ukimaliza unatafuta kama kuna mwingine ameshaandika hilo ili usijaze msongamano. Hii ni kazi ambayo kuna watu wanalipwa mshahara kuifanya, na watu wa beta waliifanya kwa mapenzi, na walichotaka kama malipo ni kuona kwenye maelezo ya pachi inayofuata, yaani sasisho la marekebisho, ule mstari mmoja: imerekebishwa. Siku hizi kazi hiyo imehamia kwenye data. Gemu inarekodi umekufa wapi, umetumia silaha gani, umetoka dakika ya ngapi, na hizo takwimu zinajumlishwa za mamilioni. Zina faida kubwa, sikatai, silaha yenye nguvu kupita kiasi inaonekana ndani ya saa moja. Ila data inakuambia watu wamekimbia kona fulani ya ramani, haikuambii wamekimbia kwa sababu mwanga pale unaumiza macho.

Alafu pesa. Fallout 76 mwaka 2018, kuingia beta sharti uwe umeshanunua gemu, beta yenyewe inafunguliwa masaa machache kwa siku, na siku moja programu ya kufungulia gemu kwenye kompyuta ikaifuta gemu nzima, watu wakaanza kupakua upya karibu gigabaiti 50 huku saa za kucheza zinakatika, ikabidi waongezewe muda. Gemu ilitoka wiki mbili baadae na ikapokelewa vibaya. Valorant 2020 hawakuuza mlango kwa hela, waliuza kwa macho: uingie Twitch, mtandao wa kutazama watu wakicheza magemu moja kwa moja, uangalie watu wanaocheza, ukibahatika akaunti yako inapewa ruhusa. Kwenye kilele walikuwa wanaangalia watu milioni 1.7 kwa wakati mmoja na wajanja wakaanza kuuza akaunti zenye ruhusa. Kama matangazo ni kazi safi kweli. Ila nani alichaguliwa kujaribu? Mtu mwenye kompyuta dhaifu na intaneti mbovu, ambaye ndo timu inamhitaji kuliko wote, alikuwa na nafasi ileile na aliyeacha video inacheza usiku kucha.

Iliyovuka mpaka kabisa ni MultiVersus. Beta ya wazi Julai 2022, ndani yake kuna duka, kuna pakiti za waanzilishi mpaka za dola 100. Juni 2023 wakaizima wakisema beta imeisha. Imekaa gizani karibu mwaka mzima, ikarudi Mei 2024, na Mei 30, 2025 seva zikafungwa moja kwa moja. Mimi msimamo wangu hauna kona: ukifungua duka la pesa halisi umeshatoa gemu, na una wajibu wote wa mtu aliyeuza bidhaa.

Njia nzuri bado zipo na zinafanya kazi. Upande wa simu kampuni ya Supercell wanaachia gemu kwenye nchi chache kwanza na wanakaa nayo. Brawl Stars ilianza hivyo Juni 2017, ilikuwa inachezwa simu ikiwa wima, wakaona haiendi, wakaigeuza ikawa ya kulaza simu, wakabadilisha na vidhibiti, ikatoka dunia nzima Desemba 2018. Mwaka na nusu. Apex Legends nayo ilitoka Februari 2019 bila beta ya wazi na bila hata kutangazwa, watu milioni 25 ndani ya wiki moja, kwahiyo hakuna anayelazimishwa kufanya beta ya maonyesho kama hana cha kuuliza.

Deadlock ndo inanipa matumaini zaidi. Valve 2024 waliiachia bila kuitangaza, unaingia kwa kualikwa na rafiki aliyepo ndani, na ilikuwa na makumi ya maelfu ya watu kwa wakati mmoja kabla kampuni haijakiri kwamba ipo. Picha hazijakamilika, wahusika wengine wameachwa nusu nusu, ila kila baada ya muda mfupi mabadiliko yanamwagwa, na ramani yenyewe imeshapunguzwa njia kutoka nne kuwa tatu. Nani anathubutu kufanya hivyo wiki mbili kabla ya kutoa gemu?

Hata Battlefield wamejifunza. Mwanzoni mwa 2025 wakafungua Battlefield Labs, watu wachache wachache, mkataba wa kutotoa siri, wanajaribu kasi ya kutembea, silaha, madaraja, vipande vya gemu ambayo bado inajengwa. Beta ya wazi ya Battlefield 6 ikaja Agosti, zaidi ya watu 520,000 kwa pamoja Steam peke yake, gemu ikatoka Oktoba 10, na safari hii madaraja yalikuwepo toka siku ya kwanza. Video zilivuja kila wiki pamoja na mkataba wote ule, na sioni kama ziliwadhuru, walioziona waliona gemu inayotengenezwa na wakaanza kubishana kuhusu kasi ya kukimbia miezi mingi kabla haijatoka, wakati kasi hiyo bado inaweza kubadilishwa.